Pale Betri Inapokaa

Siku tuliyomzika Baba, Mzee Kamugisha aliomba maikrofoni akawaambia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa dereva. Hakusema alikuwa mkulima wa kahawa, wala mzee wa kanisa, wala baba wa wanawake wawili waliokuwa wamekaa mkekani mbele yake. Dereva. Alilitamka neno hilo kama wengine wanavyotamka neno askofu. Kisha akasimulia, kwa mara ya ngapi sijui, habari za mwaka ule injini ya Pijo ya Baba iliponoki kabla ya mashindano ya mwisho, na jinsi yeye Kamugisha alivyolazimika, kwa huruma, kumbeba binti wa mwenzake, bibi harusi, kwa gari lake mwenyewe. Watu walicheka. Kwenye misiba ya kwetu watu hucheka kwa shukrani, kwa sababu hotuba nyingine zote ni uongo wa kuhuzunisha, na huu angalau ni uongo wa kufurahisha. Mdogo wangu Dativa, ambaye ndiye aliyekuwa bibi harusi huyo, hakucheka. Alinitazama, nikamtazama, na tukauacha uongo ule upite kama ulivyozoea.

Injini haikunoki. Ilikuwa nzima kuliko akili za wote walioihusudu. Nilikuwepo. Mwaka ule chuo kilikuwa kimetufungia milango baada ya mgomo ambao hata sisi tuliogoma hatukukubaliana ulikuwa wa nini, nikarudi Nyakatuntu msimu wa senene nikiwa na sanduku la vitabu na uhakika kwamba hakuna mtu katika wilaya nzima aliyewahi kufikiri. Siku hizo Kyerwa ilikuwa bado ni sehemu ya Karagwe, kwa hiyo wilaya ilikuwa kubwa na dharau yangu ilikuwa na mahali pa kutembea. Niliwekwa kwenye chumba cha kahawa, kati ya magunia na baiskeli ya zamani ya Baba, na kila asubuhi niliamka nywele zikinuka maganda makavu. Chumba cha pili kilikuwa cha Dativa, kimejaa vitambaa alivyofuma kwa ajili ya makochi ya nyumba ambayo alikuwa hajaiona. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Ihanda, mpole, mwenye meno mazuri, ambaye katika ziara zake zote sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi. Alianza, akatabasamu, akaacha wengine wamalizie. Nilimuuliza Dativa anampendea nini. Akaniambia, bila kuinua macho kwenye sindano, kwamba haulizi maswali.

Baba aliniita Profesa. Halikuwa jina la heshima. Profesa, shika tochi. Profesa, niletee spana ya kumi na tatu, ile yenye kutu, kama mlifundishwa kutu ni nini. Nyumba yetu kuta zake hazikufika juu, zilikoma kabla ya bati, kwa hiyo kila neno lililosemwa chumba kimoja lilikuwa mali ya nyumba nzima, na mwaka ule nilisikia mambo mengi ambayo hayakuwa na thamani ya kusikika: bei ya mabati, nani kanenepa, mchungaji kakohoa mara nyingi kuliko kawaida. Mchana tulikula ndizi kwa maharage, jioni maharage kwa ndizi. Nilikuwa nimesoma vitabu vilivyoeleza kwa nini wakulima wataamka siku moja waibadili dunia. Niliwatazama wazazi wangu wakitafuna nikaona siku hiyo bado iko mbali.

Lazima nieleze mashindano, ingawa kuueleza upuuzi ni kuupa heshima. Kila Jumapili, baada ya ibada na chakula cha mchana, wanaume watano au sita wenye magari walikutana kwenye barabara ya changarawe nje kidogo ya Nkwenda ili kujua nani atafika darajani kwanza. Hakuna aliyekuwa na shida na daraja. Wakifika waligeuza, wakarudi, wakabishana mpaka jioni. Waliita rali. Petroli, ambayo katikati ya wiki haikupatikana hata kwa kumpeleka mjamzito hospitali, Jumapili ilipatikana kwenye madumu yaliyovuka mpaka. Magari yenyewe yalikuwa pikapu za kubebea kahawa na ndizi, nyingine milango yake imefungwa kwa waya, na madereva walivaa miwani ya jua ili wasiweze kuona vizuri mashimo. Baba alibandika mistari miwili ya utepe mwekundu ubavuni mwa Pijo kwa sababu aliamini inapunguza upepo. Jumamosi nzima aliisugua kwa sabuni ya kufulia, na Jumapili aliipeleka kwenye vumbi. Nilipomwonyesha kasoro ya mpango huo aliniambia nimsugulie bampa.

Aliyeshindwa walisema amekula vumbi, na hayakuwa maneno tu. Kiangazi vumbi la barabara ile ni jekundu na zito kama unga, na aliyekuwa wa pili alirudi nyumbani na nyusi nyekundu, mkewe akayajua matokeo kabla ya kusalimiana. Ungekuwa mchezo wa Jumapili wa kudharauliwa na kusahauliwa, kama si desturi moja waliyojitungia wenyewe kisha wakaiheshimu kama amri ya Mungu. Mashindano ya mwisho yalikuwa mwezi wa saba, kahawa ikiwa imeanza kuuzwa na harusi zikikaribia. Gari lililoshinda siku hiyo ndilo lililoitwa gari la mbele, na gari la mbele ndilo lililobeba mabibi harusi wote wa kiangazi kile. Mengine yalifuata nyuma. Baba alikuwa ameshinda miaka miwili mfululizo, akabeba mabinti wa watu hadi kanisani huku wazazi wao wakipiga chafya nyuma yake. Mwaka huu ilikuwa zamu ya binti yake mwenyewe. Na mshindani wake alikuwa Bwana Kamugisha, mfanyabiashara wa kahawa aliyetoka Muleba na Toyota nyeupe na kicheko kikubwa, ambaye pia, kwa bahati mbaya ya Baba, alikuwa mjomba wa yule mchumba asiyemaliza sentensi. Kamugisha akishinda, atambeba Dativa. Baba atamfuata mwanawe kanisani akimeza vumbi la Kamugisha, mbele ya Nkwenda nzima na Ihanda nzima.

Tangu Kwaresima Pijo ilikuwa juu ya magogo uani, nyuma ya jiko, ikisubiri mataili kutoka Bukoba. Betri ilikaa chini ya kitanda cha wazazi wangu kwa sababu ya wezi, na Mama alilalamika kila siku kwamba analala juu ya tindikali. Niseme sasa habari za ndege. Uani kwetu walikuwepo wa aina mbili. Minana walijenga juu ya mti wa mpaka, makelele kutwa, na walichana majani ya migomba ili kufumia viota vyao. Hao Mama aliwafukuza kwa mawe na kwa maneno ambayo mke wa mzee wa kanisa hakutakiwa kuyajua. Na alikuwepo ndege mdogo, mweusi kwa mweupe, anayetembea chini kama karani aliyechelewa kazini, mkia ukipanda na kushuka. Huyo Mama hakumrushia hata sauti. Alimwita inyamanza, kama mama yake alivyomwita kule walikotoka, ng'ambo ya mpaka. Kwa watu wa Mama huyo hahesabiwi kuwa ndege, ni mwenyeji. Akijenga kwako, nyumba imebarikiwa. Ukiondoa kiota chake kikiwa na mayai au makinda, binti anayeolewa kutoka nyumba hiyo hatazaa. Mama alikuwa Mkristo wa benchi la mbele, na sikuwahi kumwona akihangaika kupatanisha mambo hayo mawili. Aliyaweka kama chumvi na sukari, makopo mawili kwenye rafu moja. Nilimuuliza kwa nini Mungu awape ndege mmoja mamlaka juu ya vizazi na mwingine ampe mawe. Akaniambia nichambue maharage.

Mataili yalifika Jumamosi, siku moja kabla ya mashindano ya mwisho, juu ya lori la chumvi. Baba aliyafunga akiimba. Tulilishusha gari kutoka kwenye magogo, akaenda chumbani, akarudi amekumbatia betri kama mtoto mnene, akaniambia Profesa fungua boneti. Nikafungua. Ndege akaruka kutoka ndani akapita karibu na sikio langu. Pale betri inapokaa, kwenye kile kisahani cha chuma, palikuwa na kiota cha nyasi na nywele na uzi wa njano ambao Dativa alikuwa ameutafuta wiki nzima. Ndani ya kiota mlikuwa na mayai.

Mama alikuwa anaanua nguo. Alikuja, akachungulia, akamwambia Baba afunge. Baba akamjibu afunge nini, betri haijaingia.

"Funga, Baba Konso," Mama akasema, akimwita kwa jina langu. "Gari halitoki."

Hapo nikaona zamu yangu imefika. Nilijitolea kukibeba kiota ndani ya karai hadi kwenye banda la mbuzi, kazi ya dakika mbili. Nikawaeleza kwa nini hakuna uhusiano wowote kati ya ndege na mfuko wa uzazi wa mtu. Nilieleza kwa mpangilio, na sina shaka hata leo kwamba kila nililosema lilikuwa kweli. Dativa alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Nilipokuwa katikati ya maelezo aliuweka mwiko chini, udongoni, yeye ambaye hakuwahi kuweka mwiko chini maishani mwake, akakaa kwenye kizingiti, viganja viwili juu ya tumbo. Mama alikuwa anamtazama Baba, mimi nilikuwa najisikiliza. Baba alikuwa anamtazama Dativa. Aliweka betri chini. Akaishusha boneti kwa mikono yote miwili, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

"Injini imenoki," akasema. "Akija mtu kuuliza, imenoki."

Nilimuuliza kwa nini tusiseme ukweli, kama tumekwisha kuamua kuwa wajinga tuwe wajinga hadharani. Akajibu kwamba habari ya ndege ikifika Ihanda, atakuwa ndege wa Dativa maisha yake yote. Kila mwezi watamhesabia.

Kamugisha alikuja jioni ile ile, akiwa na fundi wake. Hakuja kwa wema. Alikuja kuhakikisha, maana habari ya injini ilikuwa imekwisha kumfikia. Mama alitoa kikapu cha kahawa za kutafuna, kama inavyompasa mgeni, na mgeni akazitafuna amesimama, akiizunguka Pijo, akipiga teke taili moja baada ya jingine. Baba aliegemea boneti, mikono imekunjwa. Nilikuwa nimewahi kumwona Baba akidanganya kuhusu uzito wa kahawa na kuhusu umri wake, na mara zote alidanganya vizuri. Siku hiyo alidanganya vibaya sana, kama mtoto.

"Fungua basi tuone," Kamugisha akasema. "Huyu kijana wangu amefufua injini zilizokwisha kuimbiwa nyimbo."

"Imekufa, Bwana Kamugisha. Maiti haifunuliwi kila mgeni akipita."

"Leo kutwa watu wamekusikia ukiimba. Leo taili mpya, leo injini imekufa." Alitema ganda la kahawa. "Sema tu umeogopa, mzee. Sisi ni wakwe, haitatoka hapa."

Wakati huo ndege akatua kwenye bampa, kati ya miguu ya Baba, akatikisa mkia, na mdomoni ana unyasi. Mama akamuuliza Kamugisha kwa sauti kubwa mno habari za mkewe na za shamba la Muleba na za magoti ya mama yake mzazi. Kamugisha hakugeuka, macho yake yalikuwa kwenye boneti. Baba akayafuata macho hayo, akajikohoza.

"Haya," akasema. "Nimeogopa."

Kamugisha alicheka mpaka fundi wake naye akalazimika kucheka. Akasema basi watambebea bibi harusi, Baba asiwe na wasiwasi, yeye aje tu nyuma. Tukawasindikiza hadi njiani, ndivyo adabu inavyotaka, na Baba akawashukuru kwa kuja kumjulia hali marehemu. Ndani ya nyumba, nikiwa kwenye magunia yangu, nilimsikia Mama kupitia juu ya ukuta akimwambia Baba kwamba Mungu ameona. Baba akamwomba kwa upole aitoe betri ile mlangoni kabla mtu hajajikwaa.

Jumapili mchana hatukwenda Nkwenda. Tulikaa uani, Baba na mimi, yeye kwenye kigoda akikata kucha kwa wembe, na nyuma ya kilima vumbi lilipanda likasimama kama moshi wa shamba linalochomwa. Alilijua vumbi lile vizuri. Alikata kucha zote kumi akaanza tena. Mimi sikuwa na subira na unafiki, na kwa umri ule kila nisichokielewa nilikiita unafiki, nikamuuliza kama kweli anaamini.

"Siamini," akasema. "Ndege ni ndege."

"Sasa?"

"Dativa anaamini. Akikaa mwaka bila mimba, na mwaka wa pili, utakwenda Ihanda kumsomea kitabu?"

Nilikuwa na majibu manne au matano, yote sahihi. Nilipoyapanga ili niyatoe niliona hakuna hata moja ambalo Dativa angeweza kulilalia. Hilo likaniudhi, nikamwambia Baba utepe wake mwekundu haupunguzi upepo wowote. Akasema anajua, lakini unapendeza.

Kamugisha alishinda. Bila Baba hapakuwa na wa kumshinda. Harusi ilifanyika siku ambazo makinda yalikuwa yamekwisha kutotolewa na yanalia chini ya boneti kila mama yao akitua, kilio chembamba kama cha mlango usiopakwa mafuta, nasi tukapiga vyombo kwa nguvu jikoni kila mgeni alipokaribia upande ule. Toyota nyeupe ilikuja asubuhi, imefungwa mapulizo na khanga, honi haikupumzika. Dativa akapandishwa mbele. Mama na mashangazi wakapanda gari la pili, mimi nikabanwa kwenye la tatu kati ya sufuria na kwaya. Baba alikataa magari yote. Aliitoa baiskeli ya zamani chumbani kwangu, akaingiza miguu ya suruali ya suti ndani ya soksi, akaufuata msafara. Vijana wa bodaboda za baiskeli pale Nkwenda walimpigia mbinja, mmoja akamuuliza mzee anabeba abiria kwa bei gani. Aliingia kanisani wimbo wa kwanza ukiwa umekwisha, mwekundu tangu viatu hadi nyusi, akatembea katikati ya benchi kama mtu aliyechelewa kidogo tu. Picha ipo. Katika picha hiyo watu wote wamevaa rangi zao, na Baba amevaa barabara.

Makinda yaliruka wiki ile ile baada ya harusi. Baba alisubiri siku nyingine kadhaa, sijui kwa heshima au kwa ukaidi, kisha akaingiza betri. Iliwaka mara ya kwanza. Ilikuwa katikati ya wiki, barabara tupu, akaniambia nipande. Tulikimbia hadi darajani peke yetu, nikishika mlango usifunguke, mashimo yakinipiga kichwa kwenye bati. Alipozima injini alivua miwani, akageuka nyuma kutazama vumbi letu likitua polepole, halina mtu wa kulila.

"Tumekuwa wa kwanza, Profesa," akasema.

Dativa hakuzaa. Si mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa saba. Alipelekwa hospitali, akapelekwa kwa maombi, akapelekwa kwa mzee mmoja ng'ambo ya mto ambaye alimnywesha vitu vya kijani. Yule mume mpole alisubiri miaka saba, na sentensi ya kwanza niliyowahi kumsikia akiimaliza ilikuwa ile ya kumrudisha kwetu. Niliisikiliza hadi nukta. Mama alitafuta sababu kwa bidii ya mtu anayetafuta sindano kwenye majani: jina la ubatizo, gauni lililoazimwa, mtu fulani hakualikwa. Mimi nilizidharau sababu zake zote, moja baada ya nyingine, na ningezidharau leo. Lakini katika kutafuta kwake kote Mama hakuwahi hata mara moja kutoka nje kuitazama Pijo.

Baada ya mazishi tulikaa uani, Dativa na mimi, tukila ndizi za msiba zisizoiva vizuri. Pijo bado iko pale, haina mataili wala kioo, mgomba umeota karibu na bampa, na mistari ya utepe imebaki alama mbili nyeupe. Nilikuwa na hasira na hotuba ya Kamugisha. Nilimuuliza kwa nini hakusimama akamwambia mzee yule mnene, mbele ya watu wote, kilichokuwemo chini ya boneti.

"Mwache," Dativa akasema. "Ana hadithi moja tu."

Alitafuna kidogo. Kisha akasema, akiitazama Pijo na si mimi, "Nilitafuta sababu kila mahali, dada. Kwa madaktari, kwa yule mwanaume, kwa Mungu, kwangu mwenyewe. Kwa Baba sikutafuta. Nilijua pale hakuna."

Mzee Kamugisha akaita kutoka barazani kwamba chai yake imepoa. Dativa akajifuta mikono kwenye khanga, akanyanyuka kumpelekea nyingine.